Mkono wa Kushoto wa Msaisi Zuberi

Zuberi alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa mkono huo alitoa, kwa mkono huo alipokea, na alipofuatana njiani na mtu anayestahili heshima alihakikisha kwamba mtu huyo yuko kuliani kwake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake, nazo hazitajwi mbele ya watu. Hivyo ndivyo alivyolelewa na bibi yake katika mtaa wa Waislamu. Babu yake alikuwa amefika hapo kutoka Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara, na ukoo wote ulishika adabu kama koo nyingine zinavyoshika mali.

Mji wenyewe, kwenye ramani za Wabelgiji, uliitwa Stanleyville. Waliozaliwa humo waliuita Kisangani. Zuberi alianza kazi bandarini, akipakua magunia. Siku moja meli iliyotoka Léopoldville ilileta farasi wa kwanza wa klabu ya Wazungu, na mmoja wao, jike wa rangi ya kijivu, akakataa kushuka. Wengine walimvuta kwa kamba, wengine wakamsukuma kwa nyuma. Lakini kila kwato ilipogonga ubao wa kushukia, mlio wake ulimrudisha ndani. Zuberi alitazama kwa muda, kisha akatwaa magunia matupu, akayalowesha mtoni na kuyatandaza juu ya mbao. Ubao ukanyamaza. Jike akashuka huku akinusa magunia, kama mtu anayesoma barua kabla ya kuitikia. Bwana Benoît, katibu wa klabu, akauliza jina la mpakuzi yule, na haukupita muda Zuberi akawa msaisi, yaani mtunzaji wa farasi.

Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyotarajia. Farasi waliokuja kwa meli walikuwa wamekwisha kufundwa huko walikotoka. Yeye aliwalisha, aliwapiga brashi, aliwasafisha kwato, akawaangalia wasiumwe na mbung'o. Jambo la kumfunda farasi mchanga lilianza pale jike wa kijivu alipozaa. Mwana wake wa kwanza alikabidhiwa sajini mmoja aliyejigamba kwamba anajua njia ya mkato. Njia hiyo ilikuwa kamba na mjeledi. Mwanafarasi yule alijifunza kuuma, kisha akajifunza kupiga teke, na siku alipomvunja mpandaji mguu, Bwana Benoît alimpiga risasi nyuma ya banda. Shimo la kumzikia alilichimba Zuberi. Alilichimba peke yake, kwa sepetu ya banda.

Jike wa kijivu alizaa tena kabla ya kufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Mwana huyu wa pili alikuwa na rangi ya majani makavu, na kwa rangi hiyo wakamwita Tambwe, simba. Alipokaribia umri wa kupandwa, Zuberi alivua kofia akaenda ofisini kwa Bwana Benoît.

“Bwana, huyu uniachie mimi.”

“Wewe hujafunda farasi hata siku moja, Zuberi.”

“Ile ya kwanza walimufundisha woga, akajua woga vizuri sana. Mimi nitamufundisha pole-pole.”

Bwana Benoît hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na farasi wengi wa kulisha na klabu yenye wanachama wagumu kutoa. Alimweleza Zuberi wazi: daktari wa mifugo angekuja na meli baada ya mvua; siku hiyo Tambwe awe amekubali mtu mgongoni. Mnunuzi hakuna, kwa sababu habari za kaka yake zilikuwa zimeenea mpaka Bunia. Na farasi asiyepandika hawezi kula shayiri ya klabu mpaka azeeke.

“Unaelewa ninachosema?”

“Naelewa, Bwana,” alisema Zuberi. Alielewa kwamba sepetu ile ile ilikuwa bado ikiegemea ukuta wa banda.

Basi akaanza. Asubuhi za mwanzo hakufanya lolote ila kusimama. Alisimama kushotoni kwa Tambwe, wote wawili wakitazama upande mmoja, ili mnyama awe kuliani kwake kama mgeni wa heshima. Mwanafarasi alipomzoea, Zuberi aliweka kiganja cha kulia juu ya bega lake, akakiacha hapo mpaka ngozi ilipoacha kuchezacheza, ndipo akakiondoa. Hili la kuondoa mkono alilizingatia sana. Akiuondoa mnyama angali anatetemeka, mnyama hujifunza kwamba kutetemeka kunafukuza mkono; akiuondoa ametulia, hujifunza kwamba utulivu una faida. Kutoka begani mkono ulipanda shingoni, ukashuka mguuni, ukafika kwenye kwato. Baada ya mkono ilikuja kamba, iliyoburutwa taratibu juu ya mgongo. Baada ya kamba lilikuja gunia. Kwanza limekunjwa, kisha limekunjuliwa, kisha likipeperushwa. Ulifuata mwavuli, na debe lenye kokoto ndani.

Msaisi mwenzake, Alphonse, mtu mwembamba wa kabila la Walokele asiyeweza kufunga kinywa, alikuwa akiegemea uzio na kutazama.

“Papa Zuberi, huyu farasi unamufundisha ama unamuoa?”

“Nyamaza, utamushtua.”

“Mimi? Umemupigia debe kwa sikio, hakushtuka. Bon, kama ni ndoa, utuambie. Tulete mbuzi.”

“Wewe Alphonse, kinywa yako ingekuwa na kwato, ingeshinda farasi wote wa klabu.”

Alphonse alicheka mpaka akashika tumbo, lakini hakuondoka. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulala juu ya mgongo ule, kwa sababu ya wepesi wake, na kwa hiyo kila kilichofundishwa kilimhusu.

Zuberi alipomtoa Tambwe barabarani, alimwongoza vilevile, mnyama akiwa kuliani kwake. Kwa kuwa walishika ukingo wa kulia wa barabara, magari na baiskeli zilipita kushotoni kwao, na Zuberi alikuwa katikati, kati ya mwanafarasi na mashaka ya njia, kama baba anayempeleka mtoto shule. Upande wa pili wa Tambwe kulikuwa na majani na uzio tu. Hata bandani alimfunga ubavu wa kulia ukiegemea ukuta, na brashi ya upande huo aliipitisha juu ya mgongo. Walipita kando ya karakana ya mafundi chuma. Walipita karibu na soko. Baruti ya wajenzi wa mitambo ya umeme kule mto Tshopo ilipolia, Tambwe alisimamisha masikio tu, akaendelea. Watu wakaanza kumsifu Zuberi. Yeye alijibu kwamba kazi ni ya Mungu, lakini alijibu akitabasamu.

Mvua zilipokaribia kukoma, alimwalika Bwana Benoît aje kuona. Ilikuwa ni hatua ndogo, isiyo na tandiko wala hatamu: Alphonse angeegemea ubavuni mwa Tambwe, kisha angejivuta juu na kulala kifudifudi mgongoni, kama gunia la mchele. Zuberi alishika kamba. Alphonse aliegemea kutoka kushoto. Tambwe akatafuna majani yake. Alphonse akaruka kidogo, akalaza tumbo. Tambwe akageuza sikio. Bwana Benoît akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ndipo Alphonse alipojisogeza mbele kidogo, na mikono yake miwili pamoja na kichwa chake vikaning'inia upande wa pili.

Hakuna aliyeona jinsi jambo lilivyoanza. Tambwe aliruka kando kwa miguu yote minne, akainama, akarusha miguu ya nyuma juu mara kadhaa, na Alphonse akaanguka juu ya uzio. Kamba ilimchuna Zuberi kiganja. Mwanafarasi alikimbia mpaka pembe ya mwisho ya uwanja, akasimama huko akitoa povu, macho yamemtoka.

Alphonse aliinuka akiushika mkono wake. “Haukuvunjika,” alisema. “Umeteguka tu. Lakini Papa Zuberi, huyo mutoto wako iko na shetani upande mumoja.”

“Damu ni ile ile,” alisema Bwana Benoît. “Zuberi, mimi sipendi kuua. Lakini sitangoja mguu wa pili uvunjike. Daktari akifika, tutamaliza jambo hili mbele yake.”

Zuberi alikwenda kwenye pembe ya uwanja, akasimama mbali kidogo na Tambwe, mpaka mwanafarasi alipoinamisha kichwa.

Usiku ule hakula. Alijaribu kupanga yote aliyoyafanya tangu siku ya kwanza, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta ufunguo katika nyumba yake mwenyewe. Mkono, kamba, gunia, mwavuli, debe. Hakuona pengo.

Asubuhi alikwenda bandani na ndoo ya maji. Mtu alikuwa ameacha toroli la samadi njiani, mahali anapopita kila siku. Na Tambwe, aliyekuwa hajafungwa, alikuwa amesimama katikati ya banda. Zuberi akazunguka toroli, akaingia kwa upande wa pili. Mwanafarasi aliruka kana kwamba ameona chui. Zuberi alisimama. Alitoka nje, akalisukuma toroli kando, akaingia kwa njia yake ya kawaida. Tambwe akanyoosha shingo kuomba maji. Zuberi akaweka ndoo chini, akazunguka tena nje, akatokea upande wa kulia. Mwanafarasi akapiga mluzi wa pua na kurudi nyuma mpaka ukutani.

Hapo akaelewa. Binadamu huona jambo moja kwa macho mawili. Farasi macho yake yako kandoni mwa kichwa, na kila jicho lina dunia yake. Jicho la kushoto la Tambwe lilikuwa limehitimu: lilijua mkono, gunia, baiskeli na mwavuli. Jicho la kulia lilikuwa halijaona ila ukuta, uzio na majani. Halikupata kumwona mtu kwa karibu mpaka mikono ya Alphonse ilipoliangukia kutoka angani. Na aliyelinyima masomo alikuwa Zuberi mwenyewe, kwa kumtendea mnyama heshima yote aliyofundishwa.

Alijaribu kwanza kuirekebisha kazi bila kuigusa adabu. Alisimama kuliani kwa Tambwe akageukia mkia, ili mkono wa kulia uwe karibu. Kusimama kuliwezekana; kutembea hakukuwezekana. Alitembea kinyumenyume uwanjani, akajikwaa, na mwanafarasi, alipoona mtu anayekwenda mbele kwa kurudi nyuma, akavuta kamba kwa wasiwasi.

Alphonse, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, alitazama kutoka kwenye uzio. “Papa Zuberi! Kushoto yako iliumbwa na nani? Na Wabelgiji?”

“Muungwana hashiki mwenzake kwa kushoto.”

“Donc, basi, afe kwa adabu?”

Neno lile lilimwingia. Alifunga kazi mapema akaenda nyumbani.

Mkewe, Hadidja, alikuwa uani akitwanga ndizi zilizochemshwa kwa ajili ya lituma, bonge la ndizi linaloliwa na mchuzi. Zuberi alimweleza yote, mpaka jambo la mkono. Hadidja aliendelea kutwanga.

“Nitamushikaje, Mama Madina? Kwa mukono wa choo?”

“Kwani sabuni iliisha Kisangani?”

“Siyo mambo ya sabuni.”

Hadidja aliuweka mchi chini. “Papa Madina, mimi nilizaliwa wa kushoto. Hukujua?”

Zuberi hakujua. Miaka yote ya ndoa yao hakujua.

“Bibi alinifunga huu mukono na kitambaa, mpaka nikajifunza kula vizuri. Nakula kwa kulia, natoa kwa kulia, hakuna mutu alinisema. Lakini Madina alipokuwa mudogo na homa inamuchoma, mukono gani ulikuwa unamupapasa? Ni huu. Uliona adabu yake inapotea?”

Zuberi alitazama mkono wa mkewe, ambao sasa ulikuwa umetulia juu ya goti, ndizi zilizopondwa zikiwa kwenye vidole. Hadidja alisimama, akamfungua mbuzi wao aliyekuwa kwenye nguzo, akamleta.

“Haya. Mupapase huyu. Kwa kushoto.”

Zuberi akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa vigumu, kiganja kilipiga badala ya kugusa, na mbuzi akalalamika kwa sauti.

“Ee Mungu wangu! Hiyo ni mukono ama ni tawi ya muti?” Hadidja alikuwa akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha aliukamata mkono wa mumewe kwa mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya shingo ya mbuzi, akauongoza taratibu kufuata malaika, zile nywele laini za ngozi. “Usimushike. Mufuate. Hivi. Lala pamoja na nywele.”

Jioni zilizofuata walifanya hivyo, na majirani waliochungulia juu ya ukuta walikuwa na mengi ya kusimulia. Zuberi hakujali. Alijiwekea sharti moja tu: kabla ya kumgusa Tambwe kwa mkono wa kushoto, aliuosha kwa sabuni mpaka kifundoni, akausuuza kwa maji safi, kama anayejiandaa kwa sala. Na chakula aliendelea kukitoa kwa mkono wa kulia. Hapo hakukubali kubadilika, na hakuna aliyemwomba abadilike.

Kwa Tambwe alianza upya, kana kwamba ameletewa mwanafarasi mwingine aliyezaliwa jana. Alisimama kuliani kwake bila kufanya lolote. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya bega, akangoja ngozi itulie. Mkono ulikuwa mzito, na mara mbili tatu ulimkwaruza mnyama ikabidi arudi mwanzo. Lakini jicho la kulia lilikuwa na kiu ya kujua. Lilijifunza kwa kasi kuliko lile la kwanza, labda kwa sababu mwili uliokuwa nyuma yake ulikwisha kumwamini mtu huyu. Gunia, mwavuli, debe. Barabarani walihamia ukingo wa kushoto: sasa Zuberi alitembea kuliani kwa Tambwe, na baiskeli zikapita upande wa jicho la kulia. Mara ya kwanza mwendesha baiskeli alipopita na mzigo wa kuku wanaopiga kelele, mwanafarasi aliruka kando akamvuta Zuberi mpaka mtaroni. Alitoka akiwa na matope kiunoni, akaweka mkono palepale, wakangoja kuku wengine.

Meli ya daktari ilitia nanga kabla Zuberi hajajiona yuko tayari. Alipofika uwanjani asubuhi ile, alimkuta Bwana Benoît akizungumza na daktari, na bunduki imeegemezwa kwenye nguzo. Alphonse naye alikuwepo, amefungua kitambaa chake cha shingoni, akiukunjakunja mkono kuupima.

“Alphonse,” alisema Zuberi kwa sauti ya chini, “sikulazimishi.”

“Mama yangu alisema nisipande kitu kisicho na magurudumu.” Alitema mate kando, akavua viatu. “Lakini nilikuona mtaroni na matope yako. Twende. Ukimuachilia, nitakuja kukusumbua kwa ndoto.”

Zuberi aliosha mkono wake, akausuuza, akaenda kusimama kuliani kwa Tambwe. Alphonse aliegemea kutoka kushoto, akajivuta, akalaza tumbo. Mikono yake ikateremka polepole upande wa kulia. Ngozi ya Tambwe ilitetemeka kuanzia begani mpaka kiunoni, na jicho la kulia likageuka jeupe. Zuberi alilaza kiganja cha kushoto chini ya manyoya ya shingo, akafuata malaika. Alikuwa akisema maneno, lakini waliokuwa kwenye uzio hawakuyasikia.

Mtetemeko ukapungua. Ukakoma.

“Mguu,” alisema Zuberi.

Alphonse alipitisha mguu wake juu ya mgongo, akaushusha, akakaa. Wakati huohuo baruti ikalia kule Tshopo. Tambwe aliruka hatua moja kando, kuelekea alipo Zuberi, na kwato yake ikakanyaga mguu wa msaisi. Uso wa Zuberi ulibadilika rangi, lakini mkono haukutoka shingoni. Mwanafarasi alipumua kwa nguvu, akainua kwato, akasimama. Kisha, kwa kuwa Zuberi alianza kutembea akichechemea, naye akatembea, na Alphonse juu yake amekaa wima kama chifu siku ya sherehe, hathubutu hata kufanya mzaha.

Walizunguka uwanja. Waliporudi, Bwana Benoît alimtazama Tambwe, akatazama mguu wa Zuberi unaovimba, kisha akaichukua bunduki, akaifungua, akatoa risasi na kuitia mfukoni.

“Huyu atakula shayiri,” alimwambia daktari. “Muandike pamoja na wengine.”

Daktari alifungua mkoba wake, akatayarisha sindano ya kuwakinga farasi na ugonjwa wa mbung'o, ugonjwa uliomwua mama yake Tambwe. Aliishika juu kwenye mwanga, akaondoa hewa, akasogea, kisha akasita.

“Nimuchome upande gani?”

Zuberi alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyofikiri katika kila jambo.

“Upande wowote, Bwana Daktari.”

Daktari akazunguka, akachagua ule uliokuwa karibu na mkoba wake, yaani wa kulia, na Tambwe akaendelea kutafuna.